Jaji Aliyechora, na Wanawake Wasioandikwa Jina

Ukisoma popote habari za Mahmoud Saïd, mchoraji wa Misri, hukawii kukutana na maneno haya: alijifundisha mwenyewe. Yanasemwa kwa heshima, kama vile mtu anavyosifiwa kwamba alivuka Nile kwa kuogelea. Mimi nafanya kazi na vijana wanaochora hapa Lobule, Koboko, na maneno hayo hayo nayasikia juu yao karibu kila mgeni akija. Ati hawa wamejifundisha wenyewe, ni kipaji tu, Mungu ametoa. Kwa hiyo nimekaa na picha za huyu mzee kwa miezi kadhaa nikitaka kujua hayo maneno yanafunika nini. Niseme mapema: picha nimeziona kwenye simu, na nne tulizitoa kwa rangi kwenye duka la fotokopi Arua mjini, karatasi ya A4. Mwenye kuziona zenyewe Cairo au Alexandria ataona zaidi yangu. Lakini hata kwa A4 kuna mambo yanaonekana.

Kwanza mtu mwenyewe. Alizaliwa Alexandria tarehe 8 Aprili 1897, nyumba ya wakubwa. Baba yake, Mohamed Saïd Pasha, alikuwa Waziri Mkuu wa Misri kuanzia 1910 hadi 1914, halafu tena mwaka 1919. Si tajiri wa duka, ni tajiri wa serikali. Mtoto wa nyumba kama hiyo haulizwi anataka kuwa nani. Mahmoud alisomea sheria, akamaliza 1919, akaingia kwenye Mahakama Mchanganyiko, zile zilizokuwa zinaamua kesi kati ya wageni na wenyeji wa Misri. Akafanya kazi Mansoura, akarudi Alexandria, akapanda mpaka ujaji. Asubuhi anasikiliza kesi za pamba na madeni, jioni anashika brashi. Aliishi hivyo zaidi ya miaka 20. Mwaka 1947, akiwa na miaka 50, aliacha kazi ya mahakama ili achore tu. Alikufa 1964, tarehe 8 Aprili, siku ile ile aliyozaliwa.

Sasa kuna jambo linalonishangaza, na sijaona watu wakilisema sana. Mwaka 1908 Cairo ilifunguliwa shule ya sanaa, kwa pesa ya mwanamfalme Youssef Kamal. Hakuna karo. Kijana anayeweza kuchora aje. Akaja Mahmoud Mokhtar, mtoto wa kijijini huko kwenye Delta, aliyezoea kufinyanga udongo wa mfereji. Shule ikampokea, ikampeleka Paris, na leo sanamu yake kubwa ya mwamko wa Misri, iliyosimamishwa 1928, iko Cairo bado. Yaani mtoto wa kijijini ndiye aliyepata shule, na mtoto wa Waziri Mkuu ndiye "aliyejifundisha mwenyewe"! Kwa nini? Kwa sababu shule ya kuchora haikuwa mahali pa mtoto wa pasha. Kuchora kwa watu kama hao kulikuwa ni pambo la mtu mstaarabu, kama kupiga piano, si kazi. Kwake yeye, kukosa shule kulitoka kwenye cheo. Sisi tumezoea kufikiri kukosa shule kunatoka kwenye umaskini tu, kwa hiyo tukisikia mtu amejifundisha mwenyewe tunamwonea huruma haraka haraka.

Na hata hivyo, alijifundisha kweli? Akiwa kijana alifundishwa nyumbani na mama mmoja mchoraji wa Kiitaliano aliyekaa Alexandria, Amelia Daforno Casonato. Baada yake akaenda kwa Mwitaliano mwingine, Arturo Zanieri. Alipomaliza sheria akaenda Paris, akakaa kwenye darasa la Grande Chaumière, mahali ambapo unalipa, unaingia, unachora mtu aliyekaa mbele yako. Likizo zake zilikuwa Italia, Ubelgiji, Uholanzi, kwenye majumba ya makumbusho, akiangalia wachoraji wa zamani wa Venice na wa Flanders jinsi walivyoweka mwanga juu ya ngozi ya mtu. Mimi nikihesabu naona walimu wawili wa nyumbani, darasa la Paris, na makumbusho ya nusu ya Ulaya. Alichokosa ni cheti. Haya, mtu akikosa cheti tu tunasema amejifundisha mwenyewe?

Kijana mmoja wa kundi letu, nilipoeleza hayo, alisema kwa sauti kubwa: "Ye alikuwa na pesa. Sisi tuko na nini? Tuko na manila tatu." Ilikuwa ni kweli. Siku hiyo tulikuwa na karatasi za manila tatu kwa watu 14, na shirika moja lililokuwa linatupa rangi lilikuwa limetuambia bajeti imekwisha, ila wasijali, kwa sababu kipaji hakihitaji bajeti. Hiyo ndiyo hasara ya maneno haya yakifika kambini. Kule kwa tajiri yanaficha walimu aliokuwa nao. Huku kwetu yanakuwa sababu ya kutoleta mwalimu.

Kwetu Kongo mambo haya yalishatokea zamani. Albert Lubaki na mke wake Antoinette, wa Bukama, Katanga, walipewa karatasi na rangi za maji mwaka 1926 na Mbelgiji mmoja wa serikali ya kikoloni, Georges Thiry, aliyekuwa amependa picha za kwenye kuta za nyumba. Mwaka 1929 kazi hizo zikaonyeshwa Brussels. Halafu watu wa upande wa Ulaya wakaacha kusukuma, na kwa miaka mingi jina la Lubaki halikutajwa, mpaka Paris ilipozitundika tena mwaka 2015. Antoinette, wanasema, alikuwa binti wa chifu. Binti wa chifu au si binti wa chifu, karatasi ilikuwa mkononi mwa mwingine. Ndiyo maana simchukii Mahmoud Saïd kwa mshahara wake wa ujaji. Ule mshahara ulimaanisha kwamba hakuna Thiry wa kumkatia karatasi.

Turudi kwenye picha, kwa sababu mtu anaweza kuwa na pesa na makumbusho yote ya dunia na bado asichore kitu.

Ile maarufu zaidi ni "Mji", ya mwaka 1937, kubwa kama ukuta. Katikati kuna wanawake wa mjini waliojifunga ile shuka nyeusi ya Kimisri inayoitwa melaya, kuna mtu juu ya punda, kuna muuza kinywaji na chombo chake, nyuma maji na matanga ya mashua. Watu wanaipenda, nami naelewa. Lakini naiona kama jukwaa siku ya sherehe: kila mtu amewekwa mahali pake, hakuna anayemsukuma mwenzake. Mji gani huo? Nenda soko la Arua saa nne asubuhi, uangalie kama kuna mtu anayesimama vizuri hivyo. Na ile ya 1934 ya wavuta maji kwa shaduf, mti mrefu wenye ndoo ya kuchotea maji ya mto, ndiyo tuliyoijadili sana, maana kuchota maji tunakujua. Misuli ni mizuri, miili imekaa kama imechongwa kwenye jiwe, mistari ya miti inapishana kama ngoma. Msichana mmoja akaangalia weee, akasema: "Hawa hawajachoka." Hukumu hiyo ni bora kuliko yangu. Jaji aliona uzuri wa kazi ya maji, lakini mwili wa anayechota aliutazama akiwa amekaa. Bei za picha hizi ni habari nyingine. Ile ya madarwishi wanaozunguka, ya 1929, iliuzwa Dubai mwaka 2010 kwa zaidi ya dola milioni 2. Tuliandika hiyo namba ubaoni, ikatuharibia somo, kila mtu akaanza kuhesabu angenunua ng'ombe wangapi.

Anapokuwa mkubwa kweli ni pale anapomchora mtu mmoja, na hasa mwanamke ambaye si wa nyumba yake.

Alichora pia watu wa kwao: mke wake, binti yake Nadia, dada zake, na mtoto wa dada yake Safinaz, yule aliyeolewa na Mfalme Farouk mwaka 1938 akaitwa Malkia Farida. Picha hizo ni za heshima, zimetengenezwa vizuri, na kwa macho yangu zimekaza kidogo, kama mtu aliyevaa nguo za kanisani. Mchoraji anawajibu ndugu zake. Lakini ukifika kwa wanawake wa mitaa ya Bahari, ule upande wa wavuvi wa Alexandria, ukifika kwa wale wanawake weusi na wa maji ya kunde aliowaita waje wakae mbele yake, rangi inabadilika kabisa. Ngozi inakuwa ya shaba, mwanga unatoka ndani badala ya kuja toka dirishani. Macho yanakutazama sawasawa, hayaombi kitu. Ile ya 1933 ya mwanamke mwenye nywele za dhahabu, midomo minene, uso mweusi unaong'aa, nikiiangalia nasikia kama yeye ndiye anayenihoji mimi. Sijaona mchoraji wa wakati ule, Mzungu au Mwafrika, aliyeipa ngozi yetu uzito huo bila kuifanya ya kuchekesha.

Na hapo ndipo yule msichana aliyesema hawajachoka akauliza tena: "Uyu mama, jina yake ni nani?"

Hana. Soma majina ya picha zenyewe. Mwanamke mwenye nywele za dhahabu. Mwenye gauni la maua. Moja ya 1926 inamwita mwanamke mweusi mwenye bangili, na kwa Kifaransa neno lililotumika kwa "mwanamke mweusi" ni lile ambalo sisi tuliosoma Kongo tunalijua uchungu wake. Malkia ana jina. Nadia ana jina. Bangili zina jina. Aliyezivaa hana. Wengine watanijibu kwamba hiyo ilikuwa desturi ya wachoraji wote, Paris nzima ilifanya hivyo. Najua. Desturi ikiwa ya wote haiwi ndogo kwa hilo.

Kwetu sisi wa West Nile jambo hili halipiti hivi hivi, na wahisani wanaosoma jarida hili wavumilie historia kidogo. Mto unaopita Pakwach na Rhino Camp ndio huo huo unaofika Cairo. Na Misri yenyewe ilishafika huku. Watawala wa Cairo walituma magavana wao mpaka Equatoria. Dufile na Wadelai zilikuwa ngome zao, na Emin Pasha alikaa huku miaka ya 1880. Wanubi wa Arua na Koboko, majirani zetu sokoni, wengi wao ni uzao wa askari wa utawala ule. Kabla na wakati wa magavana hao wafanyabiashara wa Khartoum walipandisha mto bunduki, wakateremsha pembe na watu. Mkataba wa kupiga marufuku biashara hiyo kati ya Uingereza na Misri ni wa 1877, miaka 20 tu kabla Mahmoud hajazaliwa. Kwa hiyo mtoto wa pasha Alexandria alipofungua macho, wanawake weusi wa mjini kwake walitoka wapi? Si wote, lakini wengine bibi zao waliteremka na mto huu bila kupenda. Simwambii msomaji kwamba mama mwenye bangili ni Mkakwa au Mlugbara au Mmadi. Nasema kwamba mahali palipotakiwa kuandikwa hilo pameandikwa bangili.

Ndiyo maana nasema yale maneno ya kujifundisha mwenyewe yanamfuta mtu mwingine pia, zaidi ya Amelia na Arturo. Kumbuka picha za ndugu zake zilivyokaza, halafu tazama hizi. Ile shaba, ule mwanga wa ndani, hakuupata kwenye makumbusho ya Ubelgiji, maana huko ngozi kama hiyo haikuwepo ya kutosha. Aliupata kwa kumtazama mtu aliyekaa saa nyingi bila kutikisika, akaumwa mgongo, akalipwa kidogo, akaenda nyumbani. Yule ni mwalimu. Katika walimu wote wa Mahmoud Saïd yule ndiye aliyemfundisha kile kitu ambacho ni chake peke yake.

Mtu akisema: basi mpe kila kijana pesa na muda, utapata Mahmoud Saïd kumi. Hapana. Angalia yeye mwenyewe. Alipoacha ujaji mwaka 1947 alikuwa na muda wote aliokuwa anautamani, na nyumba nzuri mtaa wa Gianaclis, ile ambayo leo ni makumbusho yenye jina lake. Akaanza kuchora zaidi bahari, milima ya Lebanon, pwani tulivu. Picha safi, zinapumzisha macho. Lakini watu wakapungua ndani yake, na ule moto wa miaka ya 1930 mimi siuoni tena. Labda kesi zilikuwa zinamkasirisha, na hasira ilikuwa inamsaidia. Labda jaji, aliyekuwa anakaa kila siku juu ya kiti kirefu akiwatazama watu waliosimama chini, jioni alikuwa na haja ya kukaa sawa na mtu. Hiyo ni dhana yangu tu, lakini naipenda.

Jak Katarikawe alipita njia nyingine. Huyu ni wetu wa Uganda, wa Kigezi, hakuwa na pasha wala shule. Alikuwa dereva. Mwalimu wa Makerere, David Cook, aliona michoro yake, na Sam Ntiro, mchoraji kutoka Kilimanjaro aliyekuwa anafundisha hapo, akamwongoza. Baadaye alikaa Nairobi miaka mingi, akafia huko 2018. Naye pia wanamwita aliyejifundisha mwenyewe, na naye pia ukihesabu unakuta watu. Tofauti ni kwamba Katarikawe alichora ng'ombe wenye mapenzi, ng'ombe wanaooteana ndoto, na kila picha alikuwa na hadithi yake ya kuisimulia, fulani alimpenda fulani, akaachwa. Kwake hata ng'ombe ana mambo yake ya nyumbani. Kama ningelazimishwa kuchagua mkono, ningechagua wa Saïd. Kama ningechagua mtu wa kunichora mimi, ningeenda kwa Katarikawe.

Kuna kipande kimoja cha mwisho cha ukoo ule, kifupi, nakipenda. Malkia Farida aliachwa na mfalme mwaka 1948. Mapinduzi ya 1952 yakaja, taji likaisha, mali nayo. Mama huyu akashika brashi, akaishi Lebanon, akaishi Paris, akafanya maonyesho kama mchoraji, akafia Cairo 1988. Mjomba wake alikuwa amemtia moyo. Yeye aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote kwenye picha za Saïd, alikuja kuwa mtu wa kuhamahama na masanduku. Nikiwaambia vijana hiyo, wanacheka, wanasema sasa huyo ndiye tunamwelewa.

Kwenye kundi letu sasa, nyuma ya kila mchoro wa mtu, tunaandika jina la aliyekaa, jina la aliyechora, tarehe, na kama aliyekaa alipewa kitu, hata kama ni soda. Lilionekana jambo jepesi. Si jepesi. Hapa kambini watu wamechoka na majina: orodha ya chakula, orodha ya semina, orodha ya mahudhurio, kidole, picha, saini. Wengine wamekimbia kitu ambacho bado kinawatafuta upande wa pili wa mpaka, na jina kwenye karatasi inayoweza kusafiri ni hatari kwao. Wahisani wanaotuletea fomu za kukubali kupigwa picha wanajua, ingawa fomu yenyewe iko kwa Kiingereza.

Wiki iliyopita mama mmoja alikaa saa mbili nzima achorwe, jerikani lake pembeni, na mchoro ulitoka vizuri kuliko yote tuliyofanya mwaka huu. Shingo, hasa. Mchoraji akamwomba jina aandike nyuma. Mama akakataa. Kijana akabaki na kalamu hewani, akaniangalia mimi. Yule mama akafikiri kidogo, akachukua kalamu mwenyewe, akaandika polepole kwa herufi kubwa: MAMA WA PAMPU. Akamwambia, "Hiyo nimejipa miye." Halafu akadai soda yake, akataka Mirinda, na ilibidi mtu apande boda mpaka sokoni kwa sababu hapa karibu kulikuwa na Coca tu.